Stempu za Wageni: Kutoka Unguja hadi Uganda

Posta ya kwanza kufunguliwa Unguja ilikuwa ya Serikali ya India, si ya Sultani. Ilianza 1868, ikafungwa mwaka uliofuata, ikarudi 1875. Iliuza stempu zilezile za India, kwa hiyo barua ya miaka hiyo hutambulikana kwa muhuri tu. Ndivyo walivyofanya Wajerumani pia huko Lamu (1888–1891) na Unguja (1890–1891): stempu ya kwao, muhuri wa pwani.

Wafaransa, waliofungua posta yao Unguja 1889, walikwama kwenye hesabu. Stempu zao zilikuwa za sentimi, na mteja dirishani alikuwa na rupia na ana. Kuanzia 1894 stempu hizo zikapigwa chapa ya bei mpya, sentimi 25 zikawa ana 2½. Mwaka 1897 chapa ilipigwa hata kwenye kingo za shiti, karatasi ambayo karani mwingine angeitupa. Leo vipande hivyo husakwa kuliko stempu zenyewe. Posta hiyo ilifungwa 1904.

Novemba 1895 posta ya India ilipokabidhiwa kwa Zanzibar, stempu za India zilizobaki zilipelekwa ofisi ya gazeti la Zanzibar Gazette zikaandikwa jina la nchi. Mpanga herufi aliteleza mahali, ikatoka “Zanzidar”. Kosa hilo la herufi moja limezipatia stempu chache umaarufu ambao zilizo sahihi hazikuupata.

Bara mtindo ulikuwa huohuo, ingawa hapo mwenye posta hakujihesabu mgeni. Mwaka 1902 stempu za Afrika Mashariki ya Kiingereza, za nusu ana na ana 2½, ziliandikwa UGANDA. Kwa mkusanyaji wa Mbale au Nakaloke huu ni mwanzo mwema, maana ni nafuu mno kuliko zile za bei ya kauri ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipu 1895.

Chapa bandia ni nyingi, kwa kuwa kuongeza neno moja juu ya stempu ya bei rahisi ni kazi ndogo. Stempu iliyotumika hukaguliwa kwa lenzi pale chapa na muhuri vinapokutana: wino wa chapa ukipita juu ya wino wa muhuri, stempu hiyo ilisafiri kwanza, ikaandikwa baadaye.