Sensa ya gurudumu: kutoka kwenye ndege hadi barabara ya Eldas

Wadau, juzi tukielekea Eldas kutoka Wajir, taa ya ABS iliwaka. Fundi akachomoa sensa ya gurudumu, akafuta unga wa chuma ulionata kwenye sumaku, taa ikazimika. Mimi mwandishi wa programu nikaanza kuchimba.

Miaka ya 1950 Dunlop ilitengeneza Maxaret ya ndege, bila kompyuta yoyote. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz wakaleta ya elektroniki: sumaku na koili, mbele yake ringi yenye meno. Kila jino likipita, umeme hupanda na kushuka. Kompyuta huhesabu mapigo. Ya gurudumu moja yakipungua ghafla, breki yake hulegezwa.

Ila kwenye mchanga, gurudumu lililofunga hujirundikia mchanga mbele likasimama mapema. Kwa hiyo huku ABS yaweza kukuongezea mita. Dereva wetu alilijua hilo kabla yangu.