Lulu na Wazamiaji Wake

Sote twamkumbuka yule mfanya biashara aliyeuza mali yake yote apate kununua lulu moja. Lakini ni nani waliozitoa lulu baharini, nao walipata nini? Na tuyatazame hayo kidogo.

Lulu si jiwe. Ni kazi ya chaza, mnyama mwororo akaaye kati ya makombe mawili. Aghalabu mdudu mdogo hupenya ndani akamdhuru. Chaza hana mikono ya kumtoa. Basi humfunika kwa utando ule ule mng'avu ulio ndani ya kombe lake, tabaka juu ya tabaka, hata iwe lulu. Nyingine ni mviringo, nyingine zimepotoka. Nyingine nyeupe, nyingine rangi ya samli, na za visiwa vya Tahiti ni nyeusi. Kome wa mitoni nao hufanya lulu.

Kwa karne nyingi lulu zilizosifiwa zilitoka Ghuba ya Uajemi, hasa Bahrein. Kila mwaka wakati wa joto majahazi yalikwenda kuzamia kadiri ya miezi minne. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe, akatia mguu katika kamba yenye jiwe zito, akashuka na kikapu chake. Pumzi ikimwishia alitikisa kamba, mwenziwe akamvuta juu. Ndivyo alivyofanya tangu asubuhi hata jioni. Na katika makombe mengi aliyoyatoa, machache sana yalikuwa na lulu.

Wala hakuwa na mshahara. Nahodha alimkopesha fedha za kulisha jamaa yake, naye alilipa kwa fungu lake la lulu. Mwaka wa lulu haba deni lilizidi. Na baba akifa, mara nyingi mwanawe alirithi deni. Miongoni mwao walikuwako watu wa Afrika ya Mashariki waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19. Fungu la hao lilitwaliwa na bwana zao.

Mwaka 1893 Kokichi Mikimoto wa Japani alifaulu kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kumtia kitu ndani makusudi. Kwanza alipata nusu-lulu. Baadaye zikapatikana za mviringo. Katika miaka ya 1930 lulu hizo za kufugwa zilijaa masokoni, na wakati huo huo dunia nzima ilikuwa na shida ya fedha. Biashara ya Ghuba ikaanguka. Siku hizi karibu lulu zote ziuzwazo ni za kufugwa.

Basi tukisikia sifa za lulu za kale, na tumkumbuke yule aliyeshuka kilindini kuitafuta lulu, akapanda na deni.