Gari la Kazi na Mikono Iliyolitunza

Historia ya Kanisa huandikwa kwa majina ya wachungaji, wainjilisti na wazee waliotangulia, na kwa tarehe za kuwekwa mawe ya msingi. Ndivyo ipasavyo. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo mara chache huingia vitabuni, ingawa bila hiyo tarehe nyingi za vitabu hivyo zisingalikuwapo. Ni kazi ya fundi aliyelala juu ya gunia chini ya gari kuukuu usiku kucha, ili asubuhi mchungaji afike mtaa wa mbali kutoa Chakula cha Bwana. Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika, ni vema kazi hiyo nayo ipewe kurasa zake.

Kabla ya gari

Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893, Injili ilipanda mlima kwa miguu, na mizigo ilibebwa na wapagazi kutoka pwani. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 safari ya pwani ilifupika sana, lakini kutoka stesheni hadi vijijini watu waliendelea kutembea. Wainjilisti Waafrika, waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, walivuka mito na mbuga kwa miguu kwa miaka mingi zaidi.

Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja katika Tanganyika. Eneo la kazi lilikuwa pana na wachungaji walikuwa wachache. Mchungaji mmoja aliweza kuhudumia mitaa iliyotengana kwa mwendo wa siku nzima, na hospitali za Kanisa zilihitaji kupeleka chanjo na kuwafuata wagonjwa mahali pasipo na barabara ya kudumu. Hapo ndipo gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne lilipokuwa chombo cha huduma, wala si anasa. Kwa muda mrefu gari hilo lilikuwa hasa Land Rover.

Gari lililozaliwa na upungufu

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyeibuni, Maurice Wilks, alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, naye alipata wazo hilo kutokana na jipu kuukuu la vita alilolitumia katika shamba lake kisiwani Anglesey. Baada ya vita chuma cha pua kilikuwa cha mgawo nchini Uingereza, lakini aluminiamu ilipatikana. Kwa sababu hiyo bodi ya gari ilitengenezwa kwa mabati ya aluminiamu yaliyonyooka, yenye mikunjo michache, na kufungwa kwa bolti juu ya chasisi ya chuma.

Upungufu huo wa Ulaya uligeuka kuwa faida kubwa kwa Afrika. Bodi isiyoshika kutu kama chuma, inayonyooshwa kwa nyundo ya mti na kufunguliwa kipande kwa kipande kwa spana za kawaida, iliweza kutengenezwa chini ya mwembe. Zaidi ya hayo, gari lenyewe halikuwa na siri. Springi zake zilikuwa za majani, moto wake uliwashwa kwa pointi na plagi, na betri ikifa liliwashwa kwa hendeli kutoka mbele. Fundi mwenye macho na subira aliweza kulisoma kama mtu asomavyo kitabu, akaelewa kila kiungo kinafanya nini na kwa nini.

Modeli ya 109, iliyopewa jina hilo kwa kuwa umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 109, yaani karibu meta 2.77, ndiyo iliyozoeleka zaidi katika kazi za misioni na hospitali. Ilibeba wanakwaya, magunia ya mahindi, mabati ya kuezekea, wagonjwa, na mara nyingi jeneza.

Maarifa ya mikono

Wengi waliopanda magari hayo hawakujua ni maarifa kiasi gani yalihitajika kuyafikisha safari. Dereva mzuri alikuwa nusu fundi, na alijifunza kwanza adabu ya gia. Katika Land Rover za miaka ile, magurudumu ya mbele na ya nyuma yakishaunganishwa huzunguka kwa mwendo mmoja, maana hakuna difu ya katikati ya kuyapatanisha. Kwenye tope hakuna dhara, kwa kuwa tairi huteleza kidogo na mkazo hupungua. Lakini dereva akiacha gia hiyo barabara ikiwa ngumu, mkazo hujikusanya kwenye propela na giaboksi hadi kitu kivunjike.

Kiungo kilichovunjika mara nyingi kilikuwa hafshafti, yaani chuma kirefu kinachopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Likikwama katika udongo mweusi wa mbugani na dereva akaachia klachi kwa hasira, chuma hicho hukatika. Hapo ndipo ubora wa gari ulipoonekana. Uzito wa gari katika modeli hizo haukubebwa na hafshafti, bali na beringi za gurudumu. Kwa hiyo fundi alifungua bolti sita, akachomoa vipande vilivyokatika, akaunganisha magurudumu ya mbele, na gari likarudi nyumbani likivutwa na ekseli ya mbele peke yake. Abiria waliona muujiza. Fundi alijua ni mpango uliowekwa na wahandisi, nao ulimfaa yule tu aliyeufahamu.

Kuvuka mito kulikuwa na taratibu zake. Kabla ya kuingia majini mkanda wa feni ulifunguliwa, ili feni isirushe maji juu ya waya za moto. Baada ya kuvuka, dereva aliendesha polepole akikanyaga breki kidogo kidogo hadi zikauke. Siku iliyofuata, fundi mwangalifu alifungua nati ya difu na kutazama oili. Ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kuiacha hivyo ni kuyaua meno ya gia. Hali kadhalika zile tufe mbili za ekseli ya mbele, ambazo magurudumu hugeukia: tope likikauka juu yake, hukwaruza sili, oili ikavuja, na chuma kikabaki kikisagana kikavu.

Adui mkubwa wa kiangazi alikuwa vumbi. Hewa ya injini ilipitia katika bakuli la oili lililonasa vumbi kabla halijafika kwenye kabureta. Bakuli hilo lisiposafishwa, vumbi liliingia ndani ya silinda na kusaga ringi na pistoni. Nguvu zikapungua, moshi wa buluu ukatoka, na mwisho wake ni kushusha injini. Pointi nazo zilipaswa kupimwa ziachane kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo imewaokoa wengi wasilale porini.

Miaka ya spea adimu

Gari linalotengenezeka halifai kitu pasipo spea, na miaka migumu ilikuja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa tangu mwaka huo hadi 1983. Kwa sharika za kaskazini, zilizozoea kutazama Nairobi kwa mahitaji ya aina hiyo, mlango wa karibu ulikuwa umefungwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, viliimaliza akiba ya fedha za kigeni. Petroli ilipatikana kwa kibali. Sili ya shilingi chache iliweza kulilaza gari kwa miezi.

Ndipo mafundi walipofanya kazi ambayo haikuandikwa katika taarifa yoyote. Gasketi zilikatwa kwa karatasi ngumu. Tangi la petroli lililotoboka lilizibwa kwa sabuni ya mche hadi litakapochomelewa. Jani la springi lililokatika lilifungwa kwa ubao na mnyororo. Magari mawili mabovu yaliunganishwa likapatikana moja zima, na lile lililobaki likawekwa juu ya mawe nyuma ya gereji, likawa ghala la bolti na vioo. Fundi mwema alijua pia mpaka wa ubunifu huo. Tangi la petroli laweza kusubiri kwa sabuni, lakini usukani na breki hazitengenezwi kwa kubahatisha, maana hapo uhai wa watu ndio unaowekwa rehani.

Biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, spea zilirudi madukani. Shilingi iliposhushwa thamani mwaka 1986, bei zake zilipanda kupita uwezo wa sadaka za wengi. Kadiri miaka ilivyokwenda, Toyota Land Cruiser, ambayo jina lake lilianza kutumika mwaka 1954, ilichukua nafasi kubwa katika kazi za Kanisa, na Land Rover kuukuu zikazidi kurudishwa nyuma ya majengo.

Kutu iliyojificha

Katika kuyatunza magari hayo kuna jambo moja linalostahili kutafakariwa na kila msomaji. Bodi ya aluminiamu hudumu, na ikipigwa rangi mpya hung'aa. Lakini chasisi iliyo chini yake ni bomba la chuma lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia humo kupitia matundu yake, hukaa, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Aidha, pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu nayo huoza ikawa unga mweupe. Hivyo gari laweza kusifiwa sokoni kwa uzuri wake ilhali mifupa yake imekwisha. Fundi mzoefu hatazami rangi kwanza. Huchukua nyundo ndogo, hulala chini, na kugonga chasisi hatua kwa hatua akisikiliza. Chuma kizima huitika kwa sauti kali, na kilicholiwa huitika kwa sauti ya kufa.

Kutu ya namna hiyo ilikuwamo pia katika mpango mzima wa magari ya huduma. Magari mengi yalikuja kama zawadi kutoka kwa marafiki na makanisa ya ng'ambo. Siku ya kuyapokea kulikuwa na nyimbo, maombi na picha. Siku ya kubadili oili haikuwa na sherehe, na katika bajeti nyingi haikuwa hata na fungu. Gari lilipokwama, mawazo ya kwanza yalikuwa kuomba jingine. Hata hivyo, mahali ambapo daftari la gari liliandikwa kwa uaminifu, ambapo dereva mmoja alikabidhiwa gari moja, na ambapo fundi alilipwa kwa wakati, gari lile lile la zawadi lilitumika miaka ishirini na zaidi. Tofauti haikuwa katika gari, bali katika uwakili.

Neno la kuhitimisha

Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa 1948 ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni mbili kuundwa. Zile kuukuu zingali zinaonekana katika barabara za vijijini, zikibeba ndizi na majani ya ng'ombe, kwa sababu yupo mtu anayezitunza.

Usharika unaoingia katika karne yake ya pili umepokea mengi ambayo haukuyajenga wenyewe: majengo, kengele, vitabu vya nyimbo, ardhi na imani ya waliotangulia. Kupokea ni neema. Kutunza ni kazi, na kazi hiyo haina budi kutengewa fedha, kufundishwa vijana na kuheshimiwa. Wale waliolala chini ya magari kwa usiku mwingi, mikono yao ikiwa myeusi kwa grisi, wengi wao wamekwisha kulala usingizi wa mwisho pasipo majina yao kuandikwa kwenye jiwe lolote. Itakuwa heshima iliyo njema kwao ikiwa, baada ya sherehe za Jubilei na rangi mpya ya ukutani, atapatikana mtu wa kuchukua nyundo ndogo, akainama, akaanza kugonga na kusikiliza.