Greenwood yatafuta uhai mpya katika teknolojia
MTAA wa Greenwood jijini Tulsa, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, ulivuma mwanzoni mwa karne ya 20 kwa maduka, hoteli na majumba ya sinema ya watu weusi. Kati ya Mei 31 na Juni 1, 1921, genge la wazungu liliuvamia na kuteketeza nyumba zaidi ya 1,000. Inakisiwa kuwa waliouawa ni kati ya watu 100 na 300.

Wenyeji waliujenga upya, ingawa kampuni za bima zilikataa kuwalipa fidia. Pigo la pili halikutokana na moto bali na mipango ya serikali, barabara kuu ya I-244 ilipopasua mtaa huo na kuziondoa biashara nyingi.

Mnamo 2021, Tyrance Billingsley alianzisha shirika la Black Tech Street ili kuurejesha mtaa huo kupitia kampuni za teknolojia za watu weusi. Mwaka wa 2023 lilitangaza ushirikiano na Microsoft, likilenga kupata wataalamu weusi 1,000 wa usalama wa kompyuta kufikia 2030.

Kikwazo kikubwa ni ardhi. Waanzilishi wa Greenwood walimiliki viwanja walivyofanyia biashara, ilhali leo sehemu kubwa ya ardhi hiyo imo mikononi mwa wengine. Kampuni changa inayokodi ofisi hapo huupandisha mtaa thamani, kisha mwenye jengo huiongezea kodi.