Kiingereza cha mwanzo kwa wazungumzaji wa Kirusi

Kiingereza cha mwanzo kwa wazungumzaji wa Kirusi ni hatua ya kwanza ya kujifunza sarufi na msamiati wa Kiingereza kwa mtu aliyekulia katika Kirusi, awe Urusi, Belarus, Kazakhstan au kwingineko. Katika shule za Urusi lugha ya kigeni huanza darasa la pili, na kwa wanafunzi walio wengi lugha hiyo ni Kiingereza. Watu wazima nao hurudia hatua hiyohiyo kwa vitabu vya mazoezi, kozi za jioni na programu za simu.

Sarufi

Kirusi si lugha nyepesi. Kina jinsia tatu za nomino, na nomino hubadili mwisho wake kwa njia sita kulingana na kazi yake katika sentensi. Mtu angedhani kwamba aliyezoea mzigo huo ataiona sarufi ya Kiingereza kama mchezo. Sivyo. Mrusi hukwama pale ambapo lugha yake mwenyewe hukaa kimya.

Mfano wa kwanza ni kitenzi kishirikishi. Kirusi hakina “ni” katika wakati uliopo: “Ona vrach” maana yake “yeye daktari”, basi. Nomino mbili zikikutana hivyo katika maandishi, kistari kirefu huwekwa katikati yake: “Moskva — stolitsa Rossii”, yaani Moscow ni mji mkuu wa Urusi. Kwa hiyo vitabu vya wanaoanza hutumia kurasa nyingi kufundisha “am”, “is” na “are”. Dawa hiyo nayo ina madhara yake. Mwanafunzi akishaizoea huanza kuinyunyiza kila mahali, na hapo ndipo huzaliwa sentensi kama “I am work”.

Kinachosumbua zaidi ni “a” na “the”. Kirusi hakina vineno hivyo, kama vile Kiswahili kisivyokuwa navyo, lakini wazo lenyewe kinalo, ila kimelificha katika mpangilio wa maneno. “Devushka voshla v komnatu” ni yule msichana tunayemjua aliyeingia chumbani. “V komnatu voshla devushka” ni msichana fulani tu, ndiyo kwanza anatajwa. Msomaji wa Kiswahili atalielewa hili akikumbuka tofauti ya “nimeona kitabu” na “nimekiona kitabu”. Mwalimu anayeanzia hapo hufika mbali. Anayeanza na orodha ya kanuni za majina ya mito, milima na magazeti huwachosha watu bure, na bahati mbaya vitabu vingi huenda njia hiyo.

Uhuru huo wa mpangilio huleta balaa nyingine. “Koshka vidit sobaku” na “Sobaku vidit koshka” zote zina maana ya “paka anamwona mbwa”, kwa kuwa mwisho wa neno la mbwa unaonyesha nani anaonwa. Anayehamishia tabia hiyo katika Kiingereza hugeuza maana bila kujua, na mbwa ndiye anayemwona paka.

Kuuliza pia huonekana rahisi kupita kiasi. Mrusi huuliza kwa kupandisha sauti tu, kama sisi tunavyosema “Umekula?”, kwa hiyo “do” na “does” huonekana kwake kama maneno yasiyo na kazi. Katika nyakati, umbo moja “rabotayu” hubeba “I work” na “I am working” kwa pamoja, na kwa mtu aliyefanya kazi mahali fulani miaka mitano mpaka leo, Mrusi hutumia umbo lilelile, ilhali Kiingereza hudai “I have worked”. Mswahili hapa ana nafuu: kiambishi “-me-” kimemzoesha tofauti ya “nimefika” na “nilifika”.

Yapo pia makosa madogo yanayotokana na idadi na jinsia. Fedha kwa Kirusi ni nomino ya wingi, kwa hiyo “money” huitwa “they”. Na meza, kwa kuwa ni ya kiume, huitwa “he”.

Matamshi na maandishi

Alfabeti ya Kikirili ya Kirusi ina herufi 33, na baadhi hufanana na za Kilatini lakini zina sauti nyingine: В ni “v”, Н ni “n”, Р ni “r”, С ni “s”. Sauti za mwanzo wa “think” na “this” hazimo katika Kirusi, hivyo husikika “sink” na “zis”. Watu wa pwani yetu, wenye maneno “thelathini” na “dhahabu”, hawana shida hiyo. “W” hugeuka “v”. Konsonanti ya mwisho hupoteza mghuno, na “bad” ikawa “bat”.

Msamiati

Maneno yanayofanana ndiyo yenye mtego. “Magazin” ni duka, “familiya” ni jina la ukoo, na “akkuratny” ni mtu nadhifu, ilhali “magazine” ni gazeti au jarida, “family” ni familia na “accurate” ni sahihi. Kwingineko Kiingereza hugawa kile ambacho Kirusi hukitaja kwa neno moja. “Ruka” ni “hand” na “arm”, “noga” ni “foot” na “leg”, na “palets” ni kidole cha mkono au cha mguu, sawasawa na mkono, mguu na kidole chetu. Rangi ya buluu huenda kinyume: Warusi wana “siniy” kwa ile iliyokolea na “goluboy” kwa ile nyepesi, na hushangaa “blue” kuzibeba zote mbili.

Mazoezi

Zana ya kale ni daftari la maneno lenye safu tatu: neno, matamshi na tafsiri. Shuleni wanafunzi hukariri pia insha fupi ziitwazo “topiki”, na sentensi ya kwamba London ni mji mkuu wa Uingereza imekaririwa na vizazi vingi hata ikawa utani wa taifa. Kitabu cha Natalia Bonk na wenzake, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1960, kiliwalea watu wazima kwa mazoezi mengi ya tafsiri. Mkusanyiko wa mazoezi wa Yuri Golitsynsky ni maarufu kwa sentensi zenye mapengo ya kujazwa. Mazoezi ya aina hiyo hujenga mkono unaoandika kuliko ulimi unaosema.

Mwaka 2012 Dmitry Petrov alifundisha Kiingereza kwenye runinga ya Kultura katika kipindi cha “Poliglot”. Masomo yalikuwa 16, na msingi wake ulikuwa jedwali la vyumba tisa: wakati uliopita, uliopo na ujao, kila mmoja kwa kukubali, kukanusha na kuuliza.