Kuinua pikapu kuukuu kwa pesa kidogo na hatari zinazojificha chini yake

KWA mfanyabiashara wa mifugo anayesafiri kati ya Maralal na Baragoi, au mhudumu wa afya anayepeleka chanjo katika vijiji vya mbali vya Turkana, pikapu inayosukumwa na magurudumu yote manne si pambo la kuegeshwa mbele ya nyumba. Ndiyo miguu yake. Laga ikifurika, au udongo mweusi wa Laikipia na Kajiado ukigeuka uji baada ya mvua, gari lililo chini mno hukwama likakaa juu ya tumbo lake, na mwenyewe akalala porini akisubiri trekta.

Kwa sababu hiyo wamiliki wengi wa magari ya zamani hutamani kuyainua. Mpya hainunuliki kwa wengi, na kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka 8, hivyo basi pikapu kuukuu iliyopo humu nchini hukarabatiwa na kufanyiwa mageuzi mwaka baada ya mwaka. Kazi hii inaweza kufanywa kwa gharama ndogo katika gereji za jua kali. Hata hivyo, ikifanywa kwa pupa huzaa gari linalopanda mawe vizuri lakini lisilosimama mbele ya basi la abiria.

Mfano mwafaka ni Toyota Hilux ya kizazi cha tano, iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1988 na kuendelea hadi 1997, hususan ile ya LN106 yenye injini ya dizeli ya 3L ya lita 2.8. Gari hili lina ekseli moja nzima mbele na nyingine nyuma, zote zikiwa zimebebwa na springi za majani, yaani zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Muundo huo ni wa kale na huwarusha abiria, lakini ndio rahisi zaidi kuinua. Fundi mwenye jeki, spana na akili timamu anaweza kuuelewa wote kwa kulala chini ya gari kwa nusu saa.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuinua springi hakuinui ekseli. Difu, lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli, hubaki pale pale lilipokuwa, kwa kuwa linabebwa na tairi wala si springi. Kinachoinuka ni chasisi, bodi na tangi la mafuta. Anayetaka difu lipite juu ya jiwe hana budi kubadilisha tairi, na hata hapo atapata nusu tu ya kile alichokiongeza: tairi ikizidi kwa inchi 2 kutoka ukingo hadi ukingo, difu huinuka kwa inchi 1. Kazi ya springi ndefu, basi, ni kuyapa matairi makubwa nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza bodi.

Tairi za 205R16, ambazo pikapu nyingi za aina hii huwa nazo, zina kimo cha takriban sentimita 74. Zile za 7.50R16, ambazo ni nyembamba na ndefu, hukaribia sentimita 80.5. Tofauti hiyo huinua difu kwa zaidi kidogo ya sentimita 3. Tairi hizi za 7.50 ndizo zilizobeba Land Rover na Land Cruiser za zamani kote Afrika Mashariki, na sifa yake kubwa ni kwamba hupatikana hata katika miji midogo na, zikiwa na tyubu, huzibwa na yeyote mwenye viraka na gundi. Rimu za Land Cruiser kuukuu zina mpangilio ule ule wa matundu 6, ila rimu za vipande viwili zinahitaji mtu anayezijua, kwani pete yake ikiruka wakati wa kujazwa upepo inaweza kuua.

Tairi kubwa zina gharama yake. Kipima mwendo huanza kudanganya: kikisomeka kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 87. Gia zote huwa ndefu, kwa hivyo injini ya 3L, ambayo tangu mwanzo haikuwa na haraka, hutweta mlimani ikiwa na mzigo. Breki nazo zinazuia gurudumu zito na kubwa zaidi kwa nguvu zile zile za awali. Mwenye kuishi mahali tambarare na makavu hana sababu ya kujitwika mambo haya.

Kabla ya kununua chochote, gari likaguliwe. Chasisi igongwegongwe kwa nyundo ndogo, hasa sehemu ya nyuma ambapo springi hushikizwa, kwa maana kutu hula pale kimyakimya, na magari yaliyokaa Pwani kwenye upepo wa chumvi huathirika zaidi. Bushi za springi, beringi za magurudumu na zile za vifundo vya usukani zitazamwe. Gari lenye vifundo vilivyolegea likiinuliwa na kuvishwa tairi kubwa huweza kuanza kutetemeka usukani kwa nguvu ya kutisha linapopita shimo kwa kasi, na dereva asiwe na la kufanya ila kupunguza mwendo. Mara nyingi pesa zilizotengewa kuinua gari huishia hapa, na hilo si hasara. Hilux iliyowekewa bushi na shoki mpya bila kuinuliwa hata kidogo hufika mbali kuliko iliyoinuliwa ikiwa imechoka.

Njia za kuinua ziko kadhaa na bei zake hutofautiana sana. Iliyo bora ni kununua seti nzima ya springi zilizopindwa zaidi kiwandani, lakini hiyo ndiyo ghali. Iliyo nafuu na bado ya heshima ni kuongeza jani moja katika kila springi, jani lenye mpindo mkubwa kuliko yale yaliyochoka. Huinua gari kwa inchi 1 hadi 2 na kulipa nguvu ya kubeba, japo litarusha zaidi likiwa tupu. Majani yaliyotumika huuzwa katika maduka ya vipuri vikuukuu, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ikiwa miongoni mwa sehemu zinazojulikana zaidi, na mnunuzi anapaswa kulinganisha upana, unene na mahali pa tundu la katikati kabla ya kutoa pesa.

Hapa pana mtego mkubwa. Wapo mafundi ambao hupasha springi moto kwa gesi mpaka ikawa nyekundu, wakaipinda kwa nyundo na kuirudisha. Chuma cha springi hupata ugumu wake kwa kupashwa moto kwa kipimo, kuzimwa na kisha kupashwa tena kwa joto la chini. Ndiyo sababu wahunzi hukipenda kwa kufua panga na visu. Kikipashwa ovyo na kuachwa kipoe chenyewe hulegea, na gari hurudi chini baada ya wiki chache. Kikizimwa ghafla kwa maji bila hatua ya pili huwa kama kioo na huvunjika. Kuchomelea jani lililovunjika ni vibaya zaidi. Jani kuu, lenye masikio mawili ya kushikia, ndilo linaloizuia ekseli isikimbie. Likikatika mbele, gurudumu hurudi nyuma na usukani hauongozi tena chochote.

Njia nyingine ni kurefusha shakeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza ncha moja ya springi. Hesabu yake ni rahisi: kwa kuwa ncha moja tu ndiyo inayosukumwa, shakeli lazima iongezwe inchi 2 ili gari liinuke inchi 1. Upande wa mbele, mbinu hii huigeuza ekseli kidogo na kubadilisha mwegemeo wa vifundo vya usukani, ule mwegemeo unaolifanya gari lijinyooshe lenyewe baada ya kona. Ukipungua, gari huanza kutangatanga barabarani. Kabari nyembamba za chuma kati ya springi na ekseli hurekebisha kasoro hiyo, mradi zisiwe za alumini duni inayopasuka.

Vipo pia vitalu vya chuma vinavyowekwa kati ya ekseli na springi. Nyuma vinakubalika, kimoja kila upande, vikikazwa kwa bolti mpya na ndefu zenye umbo la U. Mbele visiwekwe kabisa. Ekseli ya mbele hubeba usukani na sehemu kubwa ya nguvu za breki, na kitalu huwa kama mtaimbo unaojaribu kuzungusha springi kila breki inapokanyagwa. Vitalu viwili juu ya kimoja, au kipande cha mbao, ni kuchimba kaburi.

Katika Land Cruiser za mfululizo wa 40 na Suzuki SJ410, springi hupita chini ya ekseli. Kuzihamishia juu huinua gari kwa kimo kikubwa bila kununua springi, na wapenda mashindano huifahamu vyema mbinu hiyo. Lakini huhitaji uchomeleaji wa hali ya juu na kupanga upya usukani. Kwenye Hilux inayozungumziwa springi ziko juu tayari, kwa hivyo suala hilo halizuki.

Baada ya gari kuinuka huja sehemu ambayo gereji za bei nafuu huiruka, nayo ndiyo inayoua. Mipira ya breki inayotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli ina urefu uliopimwa. Gari likiinuliwa na gurudumu likaning'inia kwenye shimo, mpira mfupi hunyooka kama kamba ya gitaa na hatimaye hukatika. Kipimo chake hakihitaji mtambo: inua chasisi mpaka magurudumu yaning'inie, zungusha usukani hadi mwisho kila upande, na utazame kama mipira bado imelegea. Shoki nazo zipimwe wakati huo huo, kwa kuwa shoki fupi hugeuka kuwa mnyororo wa kuizuia ekseli na hung'oa vishikizo vyake.

Hilux nyingi pia zina vali juu ya ekseli ya nyuma inayogawa nguvu za breki kulingana na mzigo. Kijiti kirefu huunganisha ekseli na vali hiyo. Pikapu ikibeba mzigo, sehemu ya nyuma hushuka, kijiti husukumwa, na breki za nyuma huongezewa nguvu. Gari likiinuliwa, vali hudhani kwamba halina mzigo hata likiwa na magunia 15 ya mahindi. Breki za nyuma hulegea, za mbele hubeba kazi yote, na dereva hulijua hilo anapoteremka mteremko mrefu. Dawa yake ni kipande cha chuma cha kuinua kishikizo cha kijiti upande wa ekseli kwa kimo kile kile ambacho gari limeinuliwa. Ni kazi ya nusu saa. Kukaza kijiti kwa waya, kama wengine wanavyofanya, si tiba.

Propela nayo hubadilisha pembe. Inchi 2 kwa kawaida huvumilika. Kuzidi hapo, viungo vyake vya msalaba huanza kugonga na kuisha mapema.

Kuhusu kupinduka, hesabu ndogo yatosha. Tuseme umbali kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ni mita 1.4, na kitovu cha uzito wa gari kiko mita 0.7 kutoka ardhini. Kwa nadharia gari hilo litapinduka likiinama digrii 45. Kitovu kikipanda kwa sentimita 10 tu, pembe hiyo hushuka hadi digrii 41, na kwa kweli huwa ndogo zaidi kwa sababu springi huegemea na mzigo husogea. Ng'ombe aliyesimama nyuma ya pikapu huongeza tatizo hilo maradufu. Kwa gari la kazi, inchi 2 ndiyo mpaka wa busara.

Yapo pia mageuzi yasiyoinua chochote na yanayosaidia kuliko springi. Kupunguza upepo wa tairi kutoka kipimo cha 35 hadi karibu 18 kwenye mchanga wa laga hutanua unyayo wa tairi na kulitoa gari lililoonekana kuzama. Gharama yake ni pampu ya kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Bomba dogo la mpira kutoka tundu la hewa la difu hadi juu kwenye chumba cha injini huzuia maji kunyonywa ndani wakati difu lenye joto linapotumbukia mtoni. Bila bomba hilo, oili hugeuka rangi ya maziwa na beringi hufa polepole. Ndoano imara zilizofungwa kwenye chasisi, wala si kwenye bampa, huokoa vichwa vya wanaosaidia kuvuta.

Ushawishi wa kuinua magari kupita kiasi hutokana kwa sehemu na Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangia ujenzi wa ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare, ua wa takriban kilomita 400 uliokamilika 2009. Washindani hupewa saa 10 kufikia vituo vyote kwa umbali mfupi kabisa, hata ikibidi kuteremka jabali. Magari yao yana vizimba vya chuma na mikanda maalum, na mengi hufikishwa huko yakiwa juu ya malori. Pikapu ya kupeleka watoto shuleni Jumatatu haina hayo.

Mwenye gari amfahamishe wakala wake wa bima kwa maandishi kuhusu mageuzi aliyoyafanya, kwani kampuni iliyofichwa jambo hilo hupata sababu ya kukataa kulipa. Mabadiliko ya umbo la bodi, rangi au injini hupelekwa kwa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ili maelezo ya usajili yarekebishwe.

Bolti zenye umbo la U hunyooka kidogo zikishaanza kubeba mzigo. Zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha baada ya kilomita 500. Bolti za zamani zisirudishwe, hata kama nyuzi zake bado zinang'aa.