Silabi Iliyoanguka

Malindi watu wengi hawajifunzi Kiitaliano darasani, wanakiokota ufukoni. Mimi nilikiokota nikiuza vinyago, na masikio yangu yakaniambia ni lugha nyepesi: karibu kila neno linakwisha kwa irabu, kama letu. Basi mkazo nikauweka pale Mswahili anapouweka, silabi ya pili kutoka mwisho: sa-BA-to, te-le-FO-no, Na-PO-li. Wageni wakacheka. Kumbe ni SA-ba-to, te-LE-fo-no, NA-po-li. Wao huyaita maneno hayo sdrucciole, yenye kuteleza, na kweli niliteleza. Sisi ya namna hiyo tunayo ya kuhesabu: la-zi-ma kwa wanaoanza na LA, na ba-RA-ba-ra, ile ya kazi iliyokwenda sawasawa, si ya magari.

Lililonishinda ni città, mji. Siku moja nikasema "due citte", miji miwili, nikadhani nimeweza. Mzee mmoja Mwitaliano aliyefika pwani hii kwa kazi ya Ngomeni, kulikorushwa satelaiti ya San Marco 2 mwaka 1967, akachukua kijiti akaandika mchangani: civitatem, cittade, città.

La kwanza ni Kilatini, mkazo kwenye -ta-. Karne zikalila: m ikafa, t ikalainika kuwa d. Washairi wa Firenze enzi za Dante, kwenye miaka ya 1300, walikuwa na cittade na città zote mbili, wakachagua kwa mizani. Mwisho -de ikaanguka, mkazo usitikisike. Kwetu mkazo ni mpangaji wa chumba cha pili kutoka nyuma: NYUM-ba ikiongezwa -ni, anahamia nyum-BA-ni. Kule ni mwenye nyumba. Chumba cha nyuma kikibomoka, yeye yuko palepale. Alama iliyo juu ya à ndiyo inayotuonyesha alipobaki.

Na wingi? Ulikuwa kwenye mkia ule: cittade, cittadi. Mkia umekwenda, wingi umekwenda nao, ndiyo maana miji miwili ni due città tu. Ila d haikupotea yote. Iko ndani ya cittadino, mwenyeji wa mji, na cittadella, ngome.

Mzee akayafuta kwa mguu, akachukua twiga wangu wa mpingo, akaanza kuniomba bei ya mwananchi.